Jicho la Kushoto Nililowaficha Wote

Ukiamka asubuhi ukahisi kama mtu amekumwagia machoni mchanga wote wa ufuo wa Nkome, usianze kwa kujiuliza ni nani anayekuchukia. Mimi nilianzia hapo, na kabla jua halijapanda nilikuwa nimepata maadui wengi kuliko ng'ombe wa Usukuma nzima. Nilimshuku mwenzangu wa zamu kwa sababu aliwahi kuazima kofia yangu. Nilimshuku mpishi wa kambi. Nilimshuku hata kuku mmoja mweupe aliyekuwa akinitazama kwa upande, ingawa baadaye mke wangu alinieleza kwamba kuku wote hutazama kwa upande.

Ninaandika haya kwa ajili yako wewe unayefuta machozi kwa kiganja huku ukisoma, au unayesomewa na mtu kwa sababu huoni tena. Mimi ni Baba Holo, mtu wa Shinyanga. Kusoma nilijifunza usiku, kwa taa ya kandili, pale kambini Geita, baada ya kutoka kwenye kinu cha kusagia mawe ya dhahabu. Leo nina jicho moja la kazi na jingine la mapambo. Hilo la mapambo ndilo lililonifundisha kulilinda la kazi.

Ugonjwa wangu wazee wanauita vikope. Kope zinavimba, zinapona, zinavimba tena, mpaka siku moja zinajikunja kwa ndani kama ukingo wa jamvi la zamani, na nywele zake zinaanza kulikwaruza jicho. Kila ukipepesa, unajipiga msasa. Mtu hupepesa mara nyingi kuliko anavyopumua. Hilo sikulisoma popote, nililihisi.

Dawa yetu ya kwanza ilikuwa kibano. Kila asubuhi mke wangu alikaa mlangoni penye mwanga, mimi nikalaza kichwa mapajani pake, naye akaning'oa zile nywele.

"Tulia, Baba Holo. Hata ng'ombe anayechanjwa ametulia kuliko wewe."

"Ng'ombe hachomwi machoni."

"Wala halii machozi ya kujaza karai."

Nilijisikia vizuri siku chache, kisha nywele ziliota upya, fupi na kali kama mabua yaliyokatwa. Macho yakawa mekundu kama makaa.

Sasa, kwetu macho mekundu yana kesi yake. Bibi vizee waliopikia moshi wa kinyesi cha ng'ombe maisha yao yote, macho yao yakaiva, walisemwa kuwa wachawi, wakahamishwa, na wengine yaliwafika makubwa kuliko kuhamishwa. Mimi nilikuwa mwanamume tena kijana, lakini macho hayana jinsia. Jirani yetu kambini, mama mmoja wa Kizinza tuliyekuwa tukipeana chumvi na moto, alianza kumfunika mwanawe kwa kanga kila nilipopita. Mtoto akapata homa. Watoto wa kambi nzima walikuwa na homa msimu ule wa mvua, ila ya huyu iliambiwa inatoka kwangu. Nilipomsalimu mama yake aliitikia akiangalia miguu yangu.

Ndipo nikaonja kitu kigeni: mimi niliyekuwa nikimshuku kila mtu, nashukiwa na kila mtu. Nilijaribu kufanya mzaha. Nikawaambia kwenye foleni ya maji kwamba kama ningekuwa na uchawi ningeanza kwa kujipa ukarani. Hakuna aliyecheka. Mtu mwenye macho mekundu akifanya mzaha, watu wanadhani anatoa taarifa.

Jicho la kulia lilipoanza kuona ukungu niliacha kazi, tukapanda lori na mzigo wetu, tukarudi nyumbani wakati wa kuvuna pamba.

Baba mkwe wangu, Mzee Luhende, alitupokea vizuri. Ni mtu wa maneno machache. Yale yote aliyobana yeye, mimi nimeyatumia. Alinitazama macho, kisha akaniambia, "Mwanangu, hayo macho yasikae hivyo. Watu wana midomo." Akaniitia mfumu, yaani mganga wetu anayeagua kwa kuku. Kuku alipasuliwa, akasomwa tumbo na mbawa, ikaonekana nimetupiwa kitu na mtu wa mbali. Hilo halikunishangaza, maana watu wote niliowashuku walikuwa mbali.

Sitamtukana mfumu yule. Mguu wa shemeji yangu uliovunjwa na fahali aliuunga yeye, na leo shemeji anacheza ngoma. Lakini dawa yake ya macho ilikuwa jambo jingine. Ilikuwa ndani ya kibuyu kidogo, ilinukia ndimu na utomvu wa mti, na ilipodondoka kwenye jicho la kulia nilipiga yowe lililosikika Ushirombo. Walinishika wanaume wazima. Mfumu akasema maumivu ni ule uovu unatoka. Siku zilizofuata ukungu ukawa maziwa, maziwa yakawa yai la kuchemsha, na kwa jicho lile sikuona tena isipokuwa tofauti ya mchana na usiku.

Mfumu alisema kazi imebaki nusu: uovu umekimbilia jicho la kushoto, aufuate huko. Mzee Luhende akakubaliana naye. Aliniita pembeni.

"Mavuno yakiisha tutachinja mbuzi, umalizie dawa mbele ya ukoo. Watu waone umesafishwa."

"Na nikikataa, baba?"

Alichora chini kwa fimbo yake muda mrefu. "Ukikataa, watasema una sababu ya kukataa. Na mimi siwezi kumwacha binti yangu na mjukuu wangu katika nyumba inayosemwa hivyo. Nitawachukua."

Basi mambo yakawa hayo. Nikitia dawa, nitabaki na mke nisiyemwona. Nisipotia, nitabaki na jicho la kumwangalia akiondoka. Tangu siku hiyo nililificha jicho la kushoto kama mtu anavyoficha mbegu wakati wa njaa. Nilivaa kofia hadi kwenye nyusi, nikalala kifudifudi, na yeyote aliyenikaribia akiwa na kitu mkononi, hata kama ni kata ya maji, nilirudi nyuma hatua moja.

Mke wangu ndiye aliyechoka kwanza. "Kesho tunakwenda hospitali ya misheni," alisema.

"Huko wanatoa macho."

"Nani kakwambia?"

"Watu wote wanajua. Wanabandua kile kioo cha mbele wanampelekea Mzungu kipofu kwao. Hao ni mumiani wenye vitanda."

"Hilo la kulia hakuna Mzungu atakayelitaka. La kushoto utakaa umelifumba. Lala."

Veranda ya hospitali ile ilikuwa ndefu kama reli ya Mwanza. Watu walikaa ukutani, kila mmoja na shuka yake, na inzi walikuwa wengi kuliko wagonjwa. Kila mlango uliofunguliwa nilihesabu waliotoka kama wametoka na vyote walivyoingia navyo. Jirani yangu wa benchi alikuwa Bwana Sefu, mvuvi wa Nkome, aliyepigwa jichoni na ndoano ya mwenzake. Alinisimulia jinsi alivyovua samaki mkubwa kuliko lori, akampanda mgongoni hadi ufukweni. Nilimheshimu mara moja. Si kila siku mtu anakutana na fundi wa kazi yake.

Nilipomsimulia ile dawa na harufu yake, alicheka mpaka akashika bendeji yake.

"Ndimu? Ndugu yangu, walikuwa wanakutayarisha kwa wali. Mimi sato mbichi nikimkamulia ndimu, moto sijawasha bado, nyama yake inageuka nyeupe kama imeiva."

"Jicho si samaki."

"Sawa. Kawaambie hivyo walioliunga."

Niliitwa ndani. Daktari, Mzungu mrefu mwenye mikono ya baridi, alinigeuza kope, akasema maneno kwa dresa, yaani msaidizi wake wa kufunga vidonda, na dresa, kijana wa Kisukuma aliyenyoosha nguo yake kama karatasi, akanieleza. Alisema kioo cha jicho si kioo cha dirisha. Ni mwili, umejengwa kwa kitu kilekile kilichomo kwenye nyama na kwenye ute wa yai, nao wanakiita protini. Nyuzi zake zimelala sawasawa, safu juu ya safu, kama nyuzi za shuka mpya, na kwa sababu zimelala sawasawa mwanga unapita. Zikichanwa au zikiunguzwa, mwili unazishona tena, lakini unashona kama fundi mlevi, na kiraka kinakuwa cheupe. Cha kulia kimeshashonwa hivyo. Cha kushoto kina mikwaruzo tu. Wakizigeuza kope zisikwaruze tena, kitapona.

Sikuamini hata neno moja. Nyama gani hiyo unayoona upande wake wa pili? Nikauliza, "Mtazigeuzaje?"

"Kwa kisu kidogo. Utapigwa sindano ya ganzi."

Wakati huohuo mlango wa pili ulifunguka, akapita mhudumu na bakuli lililofunikwa kitambaa. Upepo ukakifunua. Ndani kulikuwa na vitu viwili, vyeupe, vya mviringo.

Sikuaga. Mke wangu alinikuta barabarani mbali kabisa, nikiwa nimejificha nyuma ya kichuguu.

"Umeona nini?"

"Macho ya mtu. Mawili. Kwenye bakuli."

Alikaa chini, akajifunika uso kwa kanga, nikadhani analia. Mabega yakawa yanatikisika. "Mayai, Baba Holo," alisema alipopata pumzi. "Ya mgonjwa aliyepasuliwa jana. Nilimwona akiyatia chumvi."

Hata hivyo sikurudi. Nilimwambia kwamba mtu mwerevu akitaka kupitisha macho mbele za watu atayafanya yafanane na mayai. Safari nzima hadi nyumbani alitembea mbele. Usinicheke sana. Mtu aliyeunguzwa jicho moja na watu wanaompenda, hao asiowajua atawaaminije?

Mavuno yakaisha. Siku ya mbuzi ikafika. Ukoo ukakusanyika uani, mfumu akaja na kibuyu chake, na mke wangu alikuwa amefunga nguo za mtoto kwenye furushi, ameliweka mlangoni, hasemi nani atalibeba. Mbuzi akachinjwa. Kichwa kikawekwa juu ya majani karibu nami, na jicho lake likawa linaniangalia. Lilikuwa safi kabisa, jeusi, linang'aa. Niliona humo kofia yangu mwenyewe.

Maneno ya Sefu yakanijia, na ya dresa, na mayai. Nilikuwa nimewashuku wote mmoja mmoja. Nikawaza, kwa nini nisiwashuku wote kwa pamoja, nione nani atabaki?

"Baba," nilimwambia mfumu, "dawa yako ina nguvu, na mimi ni mwoga, kila mtu anajua. Nionyeshe kwanza kwa mbuzi. Jicho hili moja dawa, jicho lile maji."

Watu wakacheka. Mfumu naye akacheka, akadondosha dawa kwenye jicho la kulia la mbuzi. Mimi nikatia maji la kushoto. Nyama ikaendelea kuchomwa, ini likapita mkono kwa mkono, na mazungumzo yakarudi kwenye bei ya pamba na mvua. Mimi sikula. Nilikaa nikikilinda kichwa kile, mtu asije akakigeuza.

Ini lilipokwisha, Mzee Luhende alikuja akachuchumaa. Jicho la maji lilikuwa bado linang'aa. Jicho la dawa lilikuwa limefunga utando, kama maziwa yaliyoanza kuganda. Alilifuta kwa kidole gumba. Akalifuta tena.

"Halifutiki," alisema.

"Halifutiki, baba. Na langu halikufutika."

Mfumu alisogea, akatazama. "Mbuzi amekufa," alisema taratibu. "Jicho la mfu halina wa kulitetea."

Mzee Luhende hakuinuka. "Na huyu aliye hai, jicho lake la kulia lilitetewa na nani?"

Mfumu alikiziba kibuyu chake, akakaa, akaendelea na ubavu wake wa mbuzi. Hakukasirika wala hakukubali. Mzee Luhende aliliokota furushi la mtoto, akamwekea binti yake kichwani. Nikainua kofia nimwone akiondoka.

"Mpeleke mumeo kule kwa wenye visu," alimwambia. "Mjukuu wangu aende nanyi. Mtu asiyeona asiachwe na wageni."

Sindano ya ganzi iliuma kuliko nge kumi. Kisu sikukihisi, nilihisi kuvutwa, kama mtu anashona kiraka kwenye suruali nikiwa nimeivaa. Kisha bendeji, na kwa kuwa jua la jicho la kulia lilikuwa limekwisha kuchwa, nikawa gizani.

Gizani nilishuku vizuri zaidi. Nilijua nyayo za kila mhudumu. Uji nilimwonjesha mke wangu kwanza, naye alionja nusu bakuli kwa makusudi. Usiku mtoto akilia mke wangu aliniomba nimbebe, na nikambeba, tukakizunguka kitanda chetu tukigonga vyuma. Kuna siku mke wangu alichoka, akaniambia kwa sauti ndogo kwamba tangu Geita hajapata hata asubuhi moja ya kukaa mlangoni bila kichwa changu mapajani. Nilimshika mkono, naye akauacha humo.

Mchana Bwana Sefu, aliyekuwa bado anatibiwa pale, alikuja kukaa miguuni pangu, akawa macho yangu. Alinieleza yanayopita nje: twiga uani, gavana juu ya punda, dresa anacheza na ndoo. Najua alikuwa anadanganya. Nilimsubiri kila siku.

Bendeji ilipofunguliwa sikufumbua jicho. Nilimwambia dresa, "Lete kioo kwanza."

"Cha nini?"

"Nione kama hili jicho ni langu."

Nilimsikia akivuta pumzi, akaenda, akarudi, akanipa kioo kidogo mkononi. Nikafumbua. Kope ilikuwa imevimba kama andazi, ina nyuzi nyeusi, na chini yake palikuwa na jicho la kahawia lenye baka dogo karibu na pua, baka nililozaliwa nalo. Nikalichunguza juu, chini, pembeni.

"Ni lako?" dresa aliuliza.

"Linafanana. Sina hakika."

"Sawa. Na sasa hivi unalitazama kwa jicho la nani?"

Wadi nzima ilicheka, wenye bendeji wakicheka zaidi. Mke wangu alikuwa amesimama nyuma yake. Alikuwa amekonda, nami sikuwa nimejua.

Mvua za kwanza zilipoanguka wekundu ulikuwa umepungua, na kabla mtama haujafika magotini jicho lilikuwa jeupe panapotakiwa weupe na jeusi panapotakiwa weusi. La kulia limebaki yai. Nywele za kope huwa zinarudi kidogo, naenda, wananitazama. Nawe ukitumiwa dawa yoyote ya kutia jichoni, hata kama anayeileta anakupenda, mwonyeshe kwanza mbuzi. Unawe uso kwa maji safi, wewe na watoto. Na hospitali shuku unavyotaka, lakini shuku ukiwa umekaa kwenye benchi, si ukiwa nyuma ya kichuguu.

Siku moja wakati wa palizi Mzee Luhende alikuja, akakataa kigoda, akasimama.

"Mama yake Kabula," alisema, na Kabula ndiye mke wangu. "Macho yake. Ameanza kusemwa."

Sikuwa nimejua. Kwetu mtu hamtazami mama mkwe wake usoni, wala hakai naye karibu, wala hasemi naye ila kupitia mtu. Nikimwona njiani napisha kwenye nyasi. Miaka yote ile alikuwa aking'olewa kope kwa kibano kama mimi, na sikuwahi kuyaona macho yake.

Tuliondoka alfajiri. Mimi nilitangulia, nimeshika ncha ya fimbo ndefu, yeye ameshika ncha ya nyuma, na mke wangu anatembea kando yetu katikati. Nilimwongoza bila kugeuka: jiwe, shimo, mto mdogo, mizizi. Karibu na pale barabara inapoanza kuonekana fimbo ilikaza. Alikuwa amesimama.

"Mama Holo," sauti yake ilisema nyuma yangu, "muulize mwenzio. Wanatoa macho?"

"Hawatoi," nilimwambia mke wangu. "Nililihakiki langu."

Fimbo haikulegea. "Muulize. Inauma?"

Nilikuwa na majibu mazuri tayari. Nilikuwa na nge kumi, nilikuwa na fundi na suruali, nilikuwa na yowe la kufika Ushirombo. Nilitazama barabara kwa jicho langu moja.

"Mwambie mama inauma," nilisema. "Kisha inaisha."

Mke wangu akafungua kinywa kumpelekea jibu, lakini mama mkwe wangu hakumsubiri. Akaisukuma fimbo mgongoni kwangu, polepole.

"Tembea basi, mwanangu," akasema. "Jua linapanda."